Sikio la Fundi wa Vyerehani

Kichwa cha mashine kimefika kwa bodaboda, kimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, na sasa kimepachikwa kwenye meza ya fundi. Mwenyewe anaeleza ugonjwa: inaruka mishono, inakata uzi, jana imevunja sindano mbili kwenye suruali moja. Fundi hamjibu. Anavisha mkanda, anaingiza kipande cha kaki chini ya mguu, kisha anasema, "Hebu shona mama, nikuone unavyokanyaga." Mama anashona. Fundi ametazama kando, kwenye malori yanayoshika njia ya Mbeya, na asiyemjua angedhani mawazo yake yako huko. Baada ya mistari mitatu anainua mkono: basi, imetosha. Hajagusa skrubu hata moja, lakini pa kuanzia ameshapajua. Muda wote ule alikuwa akisikiliza.

Makambako na Njombe zina mafundi cherehani wengi, kila mtaa na wake. Wanaowatibia mafundi hao vyombo vyao ni wachache, na wanazidi kupungua. Hawana bango. Ukimtafuta mmoja utaelekezwa nyuma ya stendi, pembeni ya soko, jirani na duka la pembejeo, na ukifika utakuta kibanda chenye meza ya mbao iliyokunywa mafuta kwa miaka, kopo la skrubu zisizofanana, tupa, bisibisi iliyonolewa upya kwa ajili ya skrubu moja ya mashine moja, na vichwa vya vyerehani vilivyolazwa ubavu vikisubiri zamu. Salamu ni kamwene, na baada ya kamwene hakuna haraka.

Si ajabu kazi hii ikaota mizizi hapa. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana na ile inayopita Njombe kwenda Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Njombe yenyewe iko takriban kilomita 60 kusini, makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya huko haitanii. Kuna asubuhi umande huganda juu ya majani. Mahali ambapo Mtanzania wa pwani angevaa shati, Mbena, mwenyeji wa huku, anavaa shati, sweta na koti, na mama anaongeza kitenge mabegani juu ya hayo yote. Shule zinadai sweta kama sehemu ya sare. Nguo nyingi mwilini maana yake ni mishono mingi mezani, na mishono mingi maana yake ni mashine zinazochoka.

Swali la kwanza la fundi kwa mtu anayetaka kununua mashine halihusu bei. Humuuliza: utashona nini? Wengi hukosa jibu. Wameona mashine kwa jirani, wamevutiwa na taa yake ndogo inayomulika sindano, na wanataka kama hiyo. Lakini mashine ya kushona mstari mmoja iliyoundwa kwa ajili ya mashati itateseka kwenye turubai, na ile ya turubai itatafuna shati. Ndiyo maana kampuni kama Juki ya Japani hutoa mashine yake maarufu ya DDL-8700 kwa sura zaidi ya moja: ya vitambaa vya kawaida, na ya vitambaa vizito, ambayo hatua yake ya mshono ni ndefu zaidi. Kwa jicho la mnunuzi ni mapacha. Fundi anaangalia herufi iliyofuata namba, anainama, anapapasa meno yanayosukuma kitambaa, na kukwambia hii si yako.

Makambako ina kazi ambazo mtu wa mjini hazihesabu kabisa kuwa ni ushonaji. Kuna maturubai ya malori, yanayoraruliwa na upepo kuanzia pwani hadi mpakani. Kuna viti vya pikipiki, ambavyo ngozi yake bandia hupasuka kila masika. Huko mashine inayofaa ni ile ambayo mguu wake unatembea: mguu, meno na sindano husogea pamoja ili tabaka la juu lisibaki nyuma ya lile la chini. Halafu kuna viroba. Makambako ni soko la nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana kanda yake hapo, na vinu vya kusaga sembe vimejipanga mji mzima. Kiroba cha sembe na gunia la mahindi hufungwa kwa kamashine kadogo ka mkononi, kenye uzi mmoja, kanachoshona mshono wa mnyororo. Ukikata upande wake sahihi na kuvuta, mshono wote unafumuka kwa mkupuo. Ukikosea upande, utavuta hadi usiku. Kila mama wa Makambako anajua upande ule ni upi. Wachache wanajua kwamba kamashine kale nako ni cherehani ya viwandani, na kwamba muuaji wake ni unga: vumbi la sembe likikutana na mafuta huwa ugali mgumu ndani ya gia, na kijana wa kinuni huendelea kukamiminia mafuta zaidi akidhani kanaona kiu.

Sasa turudi kwa yule mama na sindano zake mbili.

Ndani ya mashine ya kushona kuna tendo moja ambalo kila kitu kingine kipo kwa ajili yake, na ni tendo lisiloonekana kwa jicho. Sindano inashuka na uzi, inatoboa kitambaa, inafika chini kabisa, inaanza kupanda. Uzi umebanwa na kitambaa, kwa hiyo hauwahi kupanda na sindano. Unabaki nyuma kidogo na kutoa kitanzi upande mmoja wa sindano, kitanzi kisichozidi ukubwa wa chawa. Hapo hapo ncha ya ndoano inayozunguka chini lazima iwe imefika. Sindano ikishapanda kama milimita 2, ncha ile inapita juu kidogo ya tundu la sindano, inaingia katika kitanzi, inakivuta na kukizungusha kuipita bobini yote, na nyuzi mbili zinafungana. Kati ya ncha ya ndoano na sindano hakuna hata sehemu ya kumi ya milimita. Zikigusana, sindano inavunjika au ndoano inachubuka. Zikiachana, kitanzi kinapitwa na mshono unarukwa. Na katika mashine inayokwenda mishono 4,000 kwa dakika, miadi hii hutimizwa zaidi ya mara 60 kila sekunde, huku ndoano ikizunguka mara mbili kwa kila mshono mmoja.

Kiwandani kuna vipimo vya kuweka miadi hii sawa. Fundi wa Makambako anatumia kucha, tochi ya simu na ukanda wa karatasi. Anailaza mashine, anaondoa bamba la chini ya mguu, anazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka sindano ianze kupanda. Anasimama. Anamulika. Analegeza skrubu tatu za ndoano nusu mzunguko tu, anaisogeza kwa upana ambao mtazamaji hawezi kuuona, anaikaza moja, anazungusha tena. Anarudia. Wakati huo hazungumzi, na kijana wake anajua kutomuuliza kitu. Akisharidhika huvua sindano aliyoitumia kupimia na kuitupa, kwa sababu sindano iliyogusa ndoano mara moja haiaminiki tena. Jambo hili la kutupa sindano ni gumu kuwafundisha watu kuliko yote. Sindano ni kitu cha bei ndogo, lakini mafundi cherehani huitumia mpaka ncha inakuwa butu, kisha wanalaumu uzi.

Kwa mama huyu ugonjwa uligeuka kuwa mdogo na wa kuudhi. Alikuwa ameitia mashine yake ya viwandani sindano za mashine ya nyumbani. Sindano ya nyumbani ina shina lililokatwa bapa upande mmoja; ya kiwandani shina lake ni mviringo. Katika baadhi ya mashine ile ya nyumbani inaingia, tena inakaza, na kwa siku mbili inashona. Lakini haikai pale ndoano inapoitarajia. Muuzaji dukani alimwambia zote ni sindano.

Uwezo wa kusikiliza mashine namna hii haukuanzia kwenye mashine za umeme. Misheni za Ubena, nchi ya Wabena, ya Walutheri Kidugala na baadaye ya Wabenedikto Uwemba, ziliingiza ushonaji katika malezi ya wasichana, kama ilivyokuwa desturi ya misheni za wakati huo. Wanaume wa Ubena na Ukinga waliokwenda kukata mkonge Tanga walirudi na blanketi, baiskeli, na wenye bahati cherehani. Cherehani hiyo mara nyingi ilikuwa Singer nyeusi.

Inafaa kuitazama hiyo Singer kwa makini, maana bado zipo, katika vyumba vya nyuma vya nyumba za wazee, zimefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Baadhi zina nakshi ya dhahabu ya kiumbe wa Kimisri, mwili wa simba na kichwa cha mtu, upande wa mbele wa kichwa cha mashine. Nakshi hiyo haikuchakaa sawasawa. Imefutika pale ambapo kitambaa kilipita na pale ambapo kiganja cha kulia kiliegemea, ikabaki inang'aa kwingine kote. Mtu anaweza kusoma hapo mwenye mashine alishona zaidi nini na alikaa vipi. Chini kulia kuna namba. Namba ikitanguliwa na E na herufi nyingine baada yake, mashine hiyo ilizaliwa Clydebank, Scotland, kati ya miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kiwanda kilichofunguliwa miaka ya 1880, kikaponea mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, Machi 1941, na kikafungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mashine iko Njombe na bado inashona pindo la kitenge. Bibi aliyeirithi anaitia tone la mafuta kila Jumamosi, katika matundu yale yale aliyoonyeshwa na mama yake, bila kujua jina la hata sehemu moja.

Tone hilo la Jumamosi ndilo darasa lenyewe. Mashine ya kukanyaga kwa miguu haina sauti ya mota ya kuficha maradhi yake. Ikikauka, mguu unajua. Ikiwa mkanda wa ngozi umelegea, goti linajua. Aliyekua pembeni ya mashine ya namna hiyo aliifahamu mwilini kabla ya kuifahamu akilini, na vizazi viwili vya mafundi wa nyanda hizi vilitoka hapo.

Kisha ukaja wakati wa reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa njia ya bidhaa: China ilileta vitu, vikauzwa katika maduka ya Tanzania, na fedha iliyopatikana ikalipa mishahara na mahitaji ya mradi. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka vikombe vya bati, baiskeli, chupa za chai zenye maua. Cherehani za Butterfly kutoka Shanghai nazo zikazoeleka, zikafanana na Singer kiasi kwamba baadhi ya spea za moja ziliingia katika nyingine. Hilo lilikuwa neema, kwa sababu miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 maduka yalikuwa matupu na fundi hakuwa na pa kununulia. Alichonga. Springi ya kubania uzi ilitoka kwenye waya wa kitu kingine, skrubu ilitengenezewa njia mpya, gurudumu lililopasuka lilichomelewa. Ufundi uliotokana na ukosefu huo ulikuwa mkubwa kuliko ule uliokuja baadaye na utele.

Utele ulikuja kwa jina la mtumba. Baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, makoti ya Ulaya yalifika Njombe kwa marobota, na yalifaa kweli kwa baridi ile. Hakuna wa kuwalaumu wanunuzi. Lakini fundi cherehani aliyekuwa akikata koti zima kuanzia kitambaa akageuka kuwa mtu wa kupunguza mikono na kubadilisha zipu. Kilichobaki imara ni sare za shule. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, Makambako na Njombe zinashona usiku: mashati meupe, sketi za buluu, kaptula za kaki, na mashine za kufuma zikitoa sweta kwa mpigo. Miezi hiyo ndiyo inayozilisha nyumba nyingi mwaka mzima, na ndiyo miezi ambayo mashine isiyotunzwa huchagua kufa.

Katika miezi hiyo pia ndipo mtu anajua aliponunua mota, alinunua nini.

Mota za zamani, za klachi, ni vyuma vizito vinavyoning'inia chini ya meza. Ukiiwasha inaanza kuzunguka, kwa kasi ya takriban mizunguko 2,850 kwa dakika, na inaendelea kuzunguka ushone usishone. Ukikanyaga pedali unaishikanisha tu na mashine. Inavuma siku nzima. Inakula umeme hata fundi akiwa amekwenda kunywa chai, na mwenye duka anaona uniti za mita ya LUKU zikishuka. Mwanafunzi akikanyaga kidogo tu, mashine inaruka naye. Mafundi wa zamani walikuwa na dawa ya hilo: walibadilisha puli. Puli ya mota ikilingana na ya mashine, mishono inakaribia 2,850 kwa dakika. Ikiwa nusu yake, inashuka hadi karibu 1,400. Duka moja liliweza kuwa na mashine za aina moja zenye puli tofauti, ndogo kwa mwanafunzi, kubwa kwa mkongwe, na mwanafunzi akipandishwa puli alijua amepandishwa cheo.

Mota mpya, za sevo, zimemaliza adha hizo zote. Ni nyepesi, kimya, hazizunguki mpaka ukanyage, na kasi unaiweka kwa kitufe. Katika mashine nyingi za leo, zikiwemo za Jack kutoka China zinazoonekana kila mahali, mota imo ndani ya kichwa chenyewe, hakuna mkanda wala puli. Kuzisema vibaya kungekuwa uongo. Mama anayeshona peke yake chumbani, mtoto amelala, anastahili mota isiyovuma. Ila zina bodi ya elektroniki, na bodi hiyo inaogopa umeme unaopanda na kushuka. Njombe imepitia mengi kwenye umeme: kwa miaka ilitegemea kwa sehemu umeme uliozalishwa kwa kuchoma miti na TANWAT, kampuni ya miwati iliyoanzishwa 1949, mpaka njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Lakini radi ya Machi haijasoma mkataba wa gridi, na stabilaiza ni kitu cha kwanza ambacho mnunuzi hukikata kwenye bajeti. Bodi ikiungua, fundi wa hapa hana cha kuchonga. Anapiga simu Kariakoo, Dar es Salaam, anaambiwa bei, na mteja anakaa kimya muda mrefu.

Kuna mtego mwingine, wa mashine kuukuu zilizotoka viwandani. Zinauzwa kwa bei ya kupendeza na kweli ni ngumu, lakini nyingi zilikuwa zikiendeshwa kwa umeme wa fezi tatu. Duka la kawaida lina fezi moja. Mnunuzi anafika nayo nyumbani, anachomeka, haigeuki, anarudi akilalamika kwamba ametapeliwa. Hakutapeliwa, hakuuliza. Fundi angemwambia abadilishe mota tu na kichwa abaki nacho miaka 20.

Kwenye vifaa vya kufunga mafundi hawana maneno mengi, kwa kuwa hapo fedha ndogo inafanya kazi kubwa. Mguu wa zipu. Kikunjio cha pindo, kinachouokoa mkono wa mshona mashati mia. Mguu wa tefloni kwa anayeshona viti, maana ngozi bandia hung'ang'ania chuma. Sumaku ndogo inayokaa juu ya bamba na kuongoza ukingo wa kitambaa, ili sketi ya kwanza na ya arobaini ziwe na mshono wenye upana mmoja. Watu wananunua mashine ya mamilioni na kukosa sumaku ya bei ndogo. Na wasiokuwa na ovaloki huficha nyuzi zinazochomoka kwa kukunja mara mbili, kisha mtoto anafua sare kwa wiki tatu na mshono unafumuka mgongoni.

Halafu mafuta. Hapa fundi hupandisha sauti.

Mashine ya viwandani ina karai chini yake, na ndani ya karai mna mafuta meupe, mepesi, yanayovutwa na pampu na kurushwa hadi juu. Kuna kidirisha kidogo cha plastiki ambapo unayaona yakirukaruka. Karai lina alama mbili, ya juu na ya chini, na mafuta yanatakiwa kuwa kati ya hizo. Ni hayo tu. Hakuna siri. Lakini katika vichwa vinavyolala ubavu kibandani kuna vilivyotiwa mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Kuna vilivyotiwa oili ya injini iliyomwagwa na lori, nyeusi, yenye vumbi la chuma. Na kuna vilivyokauka kabisa, kwa kuwa mwenyewe aliona mafuta yanachafua mashati meupe akayamwaga. Mwezi wa saba, kwa baridi ya Njombe, hata mafuta halali huwa mazito asubuhi. Wenye busara huiendesha mashine polepole dakika chache bila kitambaa, mguu ukiwa umeinuliwa, mpaka kidirisha kionyeshe mafuta yamepanda. Wasio na busara wanakanyaga hadi mwisho saa moja asubuhi, chuma kikavu juu ya chuma kikavu, kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Ni vigumu kuyasikia haya bila kufikiria vyerehani vya hafla. Kila Mtanzania amewahi kuviona: vimepangwa mstari mbele ya jukwaa, vikiwa na riboni, kiongozi anamkabidhi mwenyekiti wa kikundi, picha inapigwa, makofi. Halmashauri nazo, kwa sheria, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na kushona ni mojawapo ya shughuli ambazo vikundi huziombea mkopo. Jambo jema. Lakini katika risala za hafla hizo halitajwi kopo la mafuta, wala boksi la sindano za namba sahihi, wala siku moja ya fundi kuja kuonyesha karai liko wapi. Mashine ya nyumbani inakabidhiwa kwa kikundi cha watu kumi wanaoipokezana kutwa, kazi ambayo haikuundiwa, na mwaka ukiisha inarudi kwa fundi imekufa meno. Fundi anaitazama na kuwauliza mwisho iliona mafuta lini. Wanatazamana.

Wangekuwa na nani wa kumuuliza? Vijana wanaotaka ufundi wanakwenda kwenye simu na pikipiki, na huwezi kuwalaumu, maana kila mtu ana simu na matengenezo yake yanalipwa papo hapo. Kutengeneza cherehani kunachukua miaka kabla sikio halijafunguka. Vyuo vya ufundi hufundisha kushona, na hufundisha vizuri. Lakini mhitimu wa kushona akiharibikiwa na ndoano anasimama pale pale anaposimama bibi mwenye Singer, tena bibi anamzidi kwa tone la Jumamosi. Ujuzi wa kuweka ndoano, kupima mkanda usikaze wala kulegea, kugundua kwa sauti kwamba springi ya bobini imechoka, unakaa kwa wazee wachache, na haujaandikwa kwa Kiswahili mahali ambapo mtu wa Makambako angeusoma. Vitabu vinavyokuja ndani ya boksi la mashine ni vya Kichina na Kiingereza, na hutupwa pamoja na boksi.

Mota za klachi, kwa upande wao, zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Zinapimwa kwa kilo, zinapasuliwa, waya wa shaba unachunwa na ganda linapakiwa lori. Wenye mota hizo huziona kama mzigo uliokuwa ukiwalia umeme, na ni kweli ziliwalia. Fundi wa Makambako amebakiza nne chini ya meza yake, na watu wanamcheka. Hawacheki Desemba. Desemba bodi ya sevo iliyofungwa chini ya meza ikiungua na spea ikaambiwa itafika na basi wiki ijayo, huku sare zimerundikana hadi dirishani, ni mota ile nzito inayotolewa, kwa sababu matundu ya boliti chini ya meza hayajabadilika tangu zamani, na mchana mmoja unatosha kuifunga, kuvisha mkanda na kuendelea kushona. Anaikodisha kwa fedha kidogo. Anayelala chini ya meza kukaza boliti ni mtoto wa dada yake, mwenye masikio mazuri kwa maelezo ya mjomba, aliyekuja likizo kutoka Mbeya na anayerudi shule Januari.